Diski Tuliyoibeba Begani

Zuhura mjukuu wangu,

Bibi yako amekufa Jumanne, tumemzika Nanyamba. Sisi wengine wazima.

Umeuliza diski ya kompyuta inafanyaje kazi. Ndani mna sahani inazunguka kasi. Juu yake kuna mkono unaosoma bila kuigusa, nafasi iliyobaki hata unywele haupiti. Kompyuta inaagiza kwa waya, mkono unakwenda palepale, unasoma, jibu linarudi kwa waya.

Niliyajua haya enzi za ujamaa, diski kubwa kama sanduku la nguo iliposhushwa bandarini. Msimamizi akatuambia makuli, "Mkiigonga, mkono utakwaruza sahani, maandishi yote yamekwisha. Na nyie kazi hamna."

Lori lingeitikisa. Tukaiweka kwenye machela, tukaibeba begani kwenda ofisini. Tulipopita mtaa wa Rahaleo watu wakadhani maiti, wakaja kupokezana.

Bibi yako kasimama mlangoni. "Kafa nani?"

"Kompyuta."

"Mbona mnaipeleka ofisini? Makaburi huku!"

Tulicheka, lakini haikutikisika. Fundi akachomeka waya, akawasha. Karatasi ikatoka na majina ya wafanyakazi wote, na langu limo! Wanaume wazima tulipiga vigelegele.

Matanga yamekwisha, kesho narudi kazini.

Babu yako