Daftari la Biolojia Nililolichoma

Mwandiga,
Kigoma.
19 Februari 2017

Mpendwa mjukuu wangu Melania,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Chakula cha bweni mnashiba? Sisi huku wazima. Mama yako Erica mzima. Mimi mgongo unauma kidogo, lakini shambani vijana bado wanatupa jembe kabla yangu.

Barua hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu. Simu sitaki, maneno yake hayakai. Niliishia darasa la pili, lakini darasa la pili la zamani, si la hawa wa siku hizi. Kalamu naishika vizuri kuliko mwenyekiti wa kijiji, na yeye anajua.

Sasa nina jambo, na linanisumbua. Mama yako amenisomea ulichomwandikia. Kwamba ule mchoro wa ukoo uliuchora upya kwa kichwa, mwalimu akaurudisha na wino mwekundu: kaulize tena nyumbani. Kwamba huna wa kumuuliza. Kwamba unaacha Biolojia uhamie Historia, na Juni huji.

Nikueleze ile siku ya Desemba. Mlikwenda sokoni Mwanga, mimi nikafungua daftari lako. Nikaona visanduku na viduara, na majina yetu, mpaka jina langu la Niyokwizera ambalo hapa hawalijui. Erica amepakwa wino mweusi. Na wewe umepakwa. Mimi na bibi yako marehemu tumeachwa weupe.

Melania, mimi nimewahi kuona karatasi ya majina. Na tangu wakimbizi wapya wa Burundi wajae Kagunga, watu wanaulizana nani alitoka wapi. Nikajua waliopakwa ndio watakaochukuliwa, na mjukuu wangu ametumwa kutuandika. Nikachana ule ukurasa nikautia kwenye koti uwe ushahidi. Daftari lililobaki, na masomo yako yote ya muhula, nikalisukuma motoni chini ya sufuria ya maharage. Uliporudi nikakuita muuza ukoo mbele ya majirani. Ulilia, na mimi nikaendelea kutafuna muhindi.

Baada ya barua yako nilimpelekea Nassib ule ukurasa, nikamweleza na habari ya moto. Huyu ni bwana afya wetu, yule wa kutoka Tanga. Akauliza, "Mzee, umechoma Biolojia?"

Nikamwambia nimechoma orodha.

"Orodha gani! Mweusi ni mwenye vidole sita, mweupe ni wa vitano. Duara mwanamke, sanduku mwanamume. Mzee wangu, hata kuku wako wangechorwa hivi hivi."

Akacheka mpaka akashika meza. Nikamwambia, "Ninyi watu wa Tanga mnacheka hata msibani." Akautazama tena ule ukurasa, halafu akauliza: "Sasa Erica alikitoa wapi kidole, kama wewe na mkeo mlikuwa na vitano?"

Niliomba maji ya kunywa nikaondoka.

Jibu lake nakupa wewe. Uliponiuliza kovu la mkono wangu wa kushoto, nilikwambia ni mamba, na jinsi nilivyompasua taya. Hakuna mamba. Nilizaliwa na vidole sita. Kaka yangu Ntahomvukiye naye sita. Alikuwa mwalimu. Mwaka ule tuliokimbia Burundi, askari walikuja na karatasi, wakasoma jina lake mbele ya wanafunzi, akaenda nao, hakurudi. Nikajua ndugu zake watatafutwa kwa kidole. Nikakikata kwa kisu cha samaki, ndipo nikavuka mpaka. Hapa nikasema sina ndugu. Miaka arobaini na mitano sijamtaja. Hata mama yako hakujua kwamba alikuwa na baba mkubwa, nimemwambia jana.

Kwa hiyo hukukosea. Ulichora sawasawa, mimi ndiye niliyekupa uongo, kisha nikakutukana juu yake.

Chora tena. Baba yangu Manariyo, sita, mpake. Mama yangu Ininahazwe, vitano, mwache. Ntahomvukiye mpake, naye atangulie, ndiye mkubwa. Jina lake liandike lote, usilifupishe. Mimi nipake. Bibi yako mwache mweupe, yeye hakudanganya mtu.

Biolojia usiiache. Mwandiga nzima nimeitangazia kwamba wewe ni daktari, wengine wameanza kuniletea magonjwa yao. Lakini usisome kwa sifa zangu.

Sijawahi kumwomba radhi mtu aliyezaliwa baada yangu. Wewe nakuomba. Nisamehe, mwana wanje, mtoto wangu. Juni njoo, uniulize yote, nitajibu bila mamba. Usipokuja nitajua ni haki yako.

Mama yako anakusalimu, na jirani Brigita, na mjomba wako Eliakimu. Nassib anasema akirudi Tanga likizo atakuletea daftari jipya, treni inapita hapo hapo.

Mungu akupe macho ya kuona vitu vidogo, na akulinde njiani.

Ni mimi nikupendaye, babu yako,

Gervasi Niyokwizera