Baba Yangu Katika Filamu Yako

Mjukuu wangu Boay,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Mbulu baridi ni kali, maharage yamechanua, na shangazi yako amerudi salama kutoka Katesh.

Kanisani wanashangaa kwamba wewe, uliyejulikana kwa filamu za majambazi, sasa unatengeneza filamu ya familia yetu. Umeniuliza kama kweli baba yangu alikuwa mkali.

Alikuwa mkali. Lakini siku moja, nikiwa na miaka minane, nilimpoteza ndama wetu wa pekee kwenye ukungu. Nikajificha ndani ya shamba la mahindi kwa kuogopa fimbo. Baba alizunguka akiniita mpaka sauti ikamkauka. Aliponiona, alikaa chini akalia.

Nikamwambia, "Baba, ndama amepotea."

Akasema, "Ndama nitatafuta mwingine. Wewe ningekupata wapi?"

Ndama hakuonekana tena, na mimi sikuchapwa. Miaka yote nimewasimulia habari za fimbo yake tu, kwa sababu zinawachekesha. Basi mwambie mwigizaji wako akae chini, alie, na wewe usimharakishe.

Bibi yako,
Martina