Kinachokula Moto wa Gari la Baba

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimefungua banda. Gari la Baba limekaa humo tangu daktari amkataze kuendesha kwa sababu ya kizunguzungu – mwaka na ushee sasa. Vumbi limelifunika, laini, karibu nione vibaya kuligusa. Nimechora samaki kwenye kioo cha nyuma. Nikamfuta.

Sasa ni langu. Baba alinipa mbele ya Shangazi ili baadaye kusiwe na maneno. "Lichukue mama, linanizeekea hapa bure." Jumatatu ya tarehe kumi na moja naanza kazi mpya, mji mwingine. Meza yangu mwenyewe ya kutengenezea meno! Na kliniki tatu za kuzungukia, zimeachana mno. Bila gari hakuna kazi, walisema wazi kwenye usaili, na mimi nikajibu gari ninalo, bila hata kupepesa macho.

Nikaketi. Nikazungusha ufunguo. Tik! Basi. Nikazungusha tena – hata hiyo tik haikuja.

Sikutoka. Mle ndani kuna utulivu wa ajabu, kama umezama kwenye maji ya uvuguvugu. Kiti cha dereva kimebonyea kwa umbo la mtu. Nimekaa humo nikiwaza mji ambao sijauona, hadi Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni: je, nimeshafika, au bado niko njiani?

Jumapili, 3 Agosti

Fundi amekuja. Wote wanamwita Kijiti, kwa kile kijiti cha kiberiti kisichotoka mdomoni. Akafungua boneti, akaguna. Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, mzuri kweli, ningeweza kuutazama asubuhi nzima. Yeye kauosha kwa maji ya moto na magadi bila huruma. Kasema betri haina moto hata wa kuwashia sigara. Kaondoka nayo akaichaji.

Shangazi keshaanza kupima chumba changu kwa macho. Nikiondoka anahamia humo kutoka kwenye kochi la sebuleni. Simlaumu. Lakini kanivuta pembeni: kaka yake halali. Anatembea koridoni usiku, anagusa kuta. Tangu aache kazi. "Miaka yote hiyo ya kuendesha gari la wagonjwa," kasema, "usiku wake ulikuwa mchana, na kitanda chake kilikuwa kiti. Sasa mwili umechanganyikiwa."

Nikamuuliza, mchana je, analala? Hajui. Mchana yeye yuko dukani kwake.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini nimeharibu jino. La mbele, la juu, la bibi mmoja mpole. Nimelifanya jeupe mno, jeupe la mtoto. Nilikuwa nawaza barabara. Bosi kalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama tayari nimeshahama. Nimelirudia. Nta, plasta, moto, subira.

Jioni betri imerudishwa. Sasa stata inazunguka – nyeee, nyeee, nyeee – lakini injini haishiki. Kijiti kanusa mdomo wa tenki, akarudi nyuma. Petroli imechacha! Sikujua petroli inachacha. Inanuka kama rangi ya viatu. Kesho ataimwaga.

Jumanne, 5 Agosti

LIMEWAKA!

Kamwaga petroli yote mbovu, kasugua plagi. Kwenye chujio la hewa kakuta kiota cha panya, cha pamba ya godoro letu la zamani. Wenyewe hawakuwepo, wameshahamia kwingine. Akatia petroli mpya kutoka kwenye dumu. Nikazungusha ufunguo, gari likakohoa, likatoa moshi wa bluu, likakohoa tena, likashika.

Baba akatoka na kikombe chake. Kichwa upande, anasikiliza. Akasema silinda moja inachelewa. Kijiti akamwangalia, akakiri: kweli, mzee, moja inachelewa. Sijamwona Baba akitabasamu hivyo muda mrefu. Nilipozima na kufunga mlango kwa nguvu, akakunja uso kama nimempiga kofi. "Mlango haupigwi hivyo, mama."

Nitaondoka. Ni kweli sasa. Nimelala chali kitandani na dari linatembea kama barabara.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi jioni, giza ndiyo kwanza linaingia. Bati la banda lina matundu ya misumari, na leo yalikuwa yanawaka. Madogo madogo, ya manjano. Nikasimama uani nikiyatazama mpaka chai ikapoa mkononi. Jua lililosahau kutoka, labda. Au taa ya jirani inapenya upande wa pili. Sikwenda kutazama. Vitu vingine ukivisogelea vinakuwa vya kawaida.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimya! Hata tik hakuna. Betri iliyochajiwa juzi tu!

Kijiti amekuja asubuhi, akaazima moto kwenye gari la jirani kwa waya nene. Likawaka. Kaliacha lingurume weee, akapima huku, akapima kule. Kasema linachaji vizuri. Basi tatizo liko kwingine: kuna kitu kinakula moto gari likiwa limelala. Waya uliochubuka, labda. Redio. Kinakula polepole, hakina haraka.

Nimeipenda hiyo. Kitu kinachokula moto polepole. Lakini nimeogopa pia. Zimebaki siku chache, na nikimpigia simu bosi mpya kumwambia gari limekataa, najua atanijibu nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi limekufa tena. Kijiti kaja, kaazima moto tena, kaliwasha, kaliacha lingurume, kazima. Mie nikaenda kuaga kazini. Wamenipa keki na koleo jipya dogo la kushikia meno. Nikaruhusiwa mapema. Jua bado kali.

Nimepita nyuma ya banda. Nikasikia mkoromo, nikazunguka hadi mlangoni.

Baba. Kwenye kiti cha dereva. Mdomo wazi kidogo, mikono mapajani, viganja juu. Anakoroma taratibu kabisa. Uso wake! Mikunjo yote imelala pamoja naye. Nimesimama pale mguu mmoja ndani mwingine nje, sithubutu hata kumeza mate.

Hapo ndipo anapolala. Si kitandani. Si kwenye kochi. Hapo. Nadhani kila mchana, gari likiwa zima au bovu, kwake sawa tu.

Baadaye alijinyoosha. Nikajificha nyuma ya pipa la maji, mtu mzima mimi. Akatoka, akageuka, akafunga mlango. Jinsi alivyoufunga! Vidole viwili na nyonga. Bila sauti, hata ya kushtua nzi. Ndivyo alivyofunga mlango wa gari la wagonjwa kwenye nyumba za watu, maisha yake yote. Aliwahi kuniambia: ukiupiga mlango, mtaa mzima unajua nyumba hiyo ina mgonjwa.

Akaenda zake ndani. Nikasogea. Mlango umeegemea tu, haukuingia hadi mwisho. Na juu, kwenye dari la gari, taa ndogo ya manjano inawaka.

Hicho ndicho kinachokula moto. Adabu ya Baba.

Nimeusukuma kwa kiganja mpaka ukaingia. Taa ikazimika. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia, kwa sababu nimeelewa yote mawili kwa mkupuo. Gari halina ubovu wowote, naweza kuondoka. Na nikiondoka naondoka na kitanda chake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechomoa kitaa cha dari. Ni kidogo kama ukucha. Nimemwambia Kijiti nimempata mla moto, nikamwonyesha kitaa, basi. Sikumwambia kuhusu mlango. Kacheka mpaka kijiti kikadondoka. Lakini kaniasa: betri yenyewe imechoka kwa kuuawa na kufufuliwa. Kesho akiliwasha nisizime njiani. Niende moja kwa moja hadi niendako, nikanunue nyingine huko.

Mchana nimepika, nikamwita Baba ale. Nikamuuliza kwa mbali: Baba, gari utalikumbuka? Akatafuna. Akasema gari ni chuma tu, mama. Kisha akaniuliza kama huko niendako nitalilaza kivulini.

Nilitaka kusema nabaki. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini naitaka ile meza! Naitaka vibaya. Naitaka mpaka naona aibu.

Shangazi ameshatandika shuka zake chumbani kwangu. Leo tunalala wawili, ananiambia nisimpige teke.

Jumapili, 10 Agosti

Kijiti kaja mapema, kaliwasha kwa waya, kamimina petroli iliyobaki kwenye dumu. Ya kunifikisha kituo cha mafuta cha barabara kuu, hapo nitajaza bila kuzima. Kaondoka, ana gari jingine linamsubiri.

Baba kasema nilete mizigo, yeye atalipasha moto. Nikaingia ndani. Begi, sanduku la vifaa, mto wangu. Shangazi kanikumbatia mlangoni, kanitania nirudi na meno ya dhahabu, ya kwake.

Nilipotoka, Baba alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva.

Injini inanguruma, gari zima linatetemeka kidogo, na yeye kalala. Kafunga mkanda. Nimefungua mlango wa nyuma, nikaingiza mizigo kimoja kimoja, nikaketi, nikaufunga kwa vidole viwili. Naandika nikiwa na sanduku mapajani. Mwandiko unacheza. Kisogo cha Baba kina mvi nyingi kuliko nilivyojua. Nyuma milango ya banda iko wazi, mbele yetu kuna ukuta wa bati tu, lakini kwa mngurumo huu mtu angeapa tunakwenda.

Nikimwamsha, atashuka, ataufunga mlango bila sauti, na leo usiku atagusa kuta. Nisipomwamsha, mafuta yataisha na kesho kutakuwa na mtu mwingine kwenye ile meza.

Nimejipa muda: sindano ya mafuta ikigusa mstari mwekundu, namgusa bega.

Imegusa.

Basi ile taa ya mafuta ikiwaka. Hapo kweli.

Shangazi amejitokeza dirishani. Ananiuliza kwa mikono, vipi? Taa imewaka. Nimemnyooshea kidole kimoja: dakika moja tu. Sasa Baba anapumua kwa kina, amezama kabisa.