Mbuzi Kwenye Gogo ya Bilulu

Mutshatsha

Mbombo, mutoto wangu,

Kikohozi iliisha? Unakula muzuri kule Lubumbashi? Huku mvua imenyesha, mihogo iko muzuri.

Siku ya Mungu, baba yako mukubwa Muteba alileta mbuzi ya ule bwana anataka kukuoa. Akaifunga kwenye gogo ya kuoza nyuma ya nyumba, mule mulikuwa bilulu byako, bile bidudu bidogo byeusi bya pori byenye unasomea, batu habajue hata jina.

Akasema: "Aache masomo. Bilulu bitalisha nani?"

Nikamujibu: "Tata, wewe ulianza kukula bilulu mbele ya kuota meno!" Majirani benye balikuwa pale bakacheka mpaka akakasirika.

Unajua desturi: mama akipika ile mbuzi, maneno imeisha, wewe ni bibi ya mutu. Basi nikafungua kamba, nikairudisha mi mwenyewe mpaka kwabo na ule bwana, batu bote banaangalia.

Muteba anasema hataingia tena kwangu. Mulango itapumzika.

Gogo nimeifunika na majani, jua isiikaushe. Maliza masomo, kisha kuya nyumbani ubipatie bilulu byako jina.

Mi mama yako mwenye hakupika,
Kankolongo