Samaki, Bai

Mama,

Kuna kitu sijaambia muntu, hata padiri wakati wa maungamo. Kila jioni nakusikia. Niko mu chumba changu naandika devoirs za shule, na kamambili zako, zile ndala za mpira, zinatembea: pa, kisha kuvuta. Pa, kisha kuvuta. Ile ya kushoto yenye ulishona na waya, yenye inakokota chini. Zinatoka jikoni mpaka kwa mulango wangu, zinasimama, zinarudi. Najizuia hata kupumua. Nikiambia Bibi, ataita watu wa maombi wakufukuze, na miye sitaki ufukuzwe. Naogopa, Mama. Lakini jioni yenye hukuji naogopa zaidi.

Tangu tukuzike nyumba iko baridi. Papa anakaa mu salon bila kuwasha taa. Nikimuletea maharagi anasema, "Asante, mutoto," halafu sahani inabaki vile vile. Mukanda wake uko na tundu mupya, alitoboa na musumari. Bibi anasema atamufuata mukewe.

Njo maana leo napika ile chakula yako. Ndiyo, ile yenye Papa alikataza. Tulipotoka tu kaburini alisema, "Ile samaki isipikwe tena mu hii nyumba," na hakuna mwenye aliuliza kwa nini.

Tilapia nilipata kwa mama mwenye anatoka Bweremana. Maziwa na kipande cha jibini, ile fromaji, kwa jirani wetu wa ng'ombe. Viazi birayi ni zetu, za shamba. Nimechemsha samaki ndani ya maziwa na kitunguu, nimetoa miiba kama ulinifundisha: "Jicho inadanganya, kidole hapana." Birayi nimeziponda, ziko mu bakuli. Makala ya moto ya kuweka juu ya kifuniko imeshawaka.

Unakumbuka ulivyojifunza? Ulikuwa unapikia yule muuguzi Mwingereza, kule Walikale. Yeye alisema "fishi pai", weye ukasikia "bai". Ukafikiri ni kuaga samaki, sababu inafunikwa na birayi kama muntu na bulangeti. Mupaka mwisho hukukubali kusahihishwa. Kila mara, kabla ya kufunika, ulipunga mukono juu ya sufuria: "Haya samaki, bai!" Papa anacheka mpaka anakohoa. "Mama Furaha, utaaga mpaka maharagi?" Na weye: "Maharagi haiagwe, baba. Kesho tutaikuta tena."

Pale kaburini, udongo wa kwanza ulipoanguka, lile neno likanijia mu kinywa. Bai. Nikauma midomo. Nilisikia haya, nilizani nitacheka mbele ya watu wote. Nikainua macho, Papa alikuwa ananiangalia, na yeye pia ameuma midomo. Sikukuaga, Mama. Hata yeye hakukuaga.

Na sasa birayi iko tayari, samaki iko wazi, na mukono wangu unakataa. Nikifunika bila kusema, haitakuwa yako. Nikisema, utaenda. Njo maana nimekaa hapa jikoni, kwa kigoda chako, mulango nimefunga, nakuandikia. Nilisema moyoni: leo nitakungojea miye mwenyewe, harufu itakuleta. Kamambili zako haziko pale nyuma ya mulango ulipoziacha.

Mama, zinakuja.

Pa, kisha kuvuta. Nimeweka karatasi chini ya gunia ya makala. Nimeitoa tena. Utanisamehe mwandiko.

Zimesimama. Chini ya mulango naziona, waya ya kushoto inang'aa. Lakini vidole vimepita mbele, vikubwa, vya kupasuka, viko na udongo wa shamba.

Ni Papa. Jioni zote zile, Mama, alikuwa Papa. Anavaa kamambili zako anakuja mpaka kwa mulango wangu, na anashindwa kubisha.

Anavuta harufu. Nasikia pua yake.

"Furaha." Sauti kidogo sana. "Ulishaiaga?"

"Bado, Papa."

Leo haendi.

Karatasi hii siifichi tena. Itabaki hapa juu ya kigoda, akitaka asome. Nitafungua, tutapunga mukono wote wawili juu ya sufuria, na nakuahidi sahani yake haitarudi imejaa. Ule mukanda nitaulisha mpaka urudi kwa tundu la zamani. Kamambili mwachie. Zinamufaa vibaya, lakini mwachie.

Haya Mama.

Bai.