Mguu wa Elieshi Haukandwi

Jumanne, 10 Juni 1975
Mdogo wangu Elieshi amezinduka. Jana aliharisha mpaka macho yakazama, mishipa haikuonekana. Daktari wa misheni akamchoma sindano nene kwenye mfupa wa muundi, maji yakapitia humo humo. Sikujua mfupa unaweza kunywa. Leo ameomba uji — alipopewa akaukataa, akataka ndizi. Huyo ndiye yeye.

Jumatano, 11 Juni
Sindano imetolewa. Ila ngozi kuzunguka tundu imevimba, inang'aa, rangi ya zambarau. Sista Dorothea, muuguzi, asema maji kidogo yalivujia chini ya ngozi. Mguu uinuliwe, ubaki mkavu, usikandwe. Mama akaitikia, "Ndiyo, Sista." Bibi, aliyemzaa Mama, hakuitikia.

Mussa, jirani na mtani wetu Mzigua, alikuja kutuona. Eti Wasambaa tumezoea kupanda milima, hata maji tunayapandishia mfupani. Bibi akamjibu kwamba Wazigua hawana maji ya kupandisha popote. Wodi nzima ilicheka.

Ijumaa, 13 Juni
Bibi ameukanda. Nilikwenda kufua nepi. Niliporudi, beseni la maji ya moto, kitambaa, na Bibi ameridhika. Malengelenge — moja limepasuka. Kwetu kila uvimbe hukandwa. Nani amkataze aliyetukanda sote?

Nikapiga goti. "Bibi, nakuomba, tumwachie Sista."

"Kumbe wewe ndiye uliyemzaa mama yako?"

Nikainuka, nikaenda kumwita muuguzi. Sista akaosha, akafunga bandeji. Asema ngozi ikifa na kuwa nyeusi itakatwa, na Elieshi atapelekwa Moshi kubandikwa nyingine.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani, nalinda mguu. Bibi amekaa ng'ambo ya kitanda, mikono ndani ya kanga. Tumeimba nyimbo za ibada, yeye sauti ya pili. Kisha akauliza polepole, kwa Kisambaa: kibaya ni maji ya moto, au mikono yangu?

Maji, Bibi.

Akamshika Elieshi vidole vya mguu. Vidole tu.

Jumatatu, 16 Juni
Naandikia kando ya kitanda. Sista anafungua bandeji. Ameinusa — haina harufu. Pembeni ngozi ni nyekundu, nzuri. Katikati pana doa jeusi, kama harage. Huenda ni damu iliyoganda. Sista hajasema. Anachovya pamba ajaribu kulifuta, Elieshi anarusha mateke. Sista anataka mtu mwenye mikono iliyotulia amshikie mguu.

Bibi amekwisha nawa.