Bastola Iliyokula Mawese

Baraka, Ijumaa, mwezi wa saba, 1956.

Upepo umeamka kabla yangu. Vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Nimeketi, nimesimama, nimefagia mahali palipokwisha kufagiwa. Bastola ya Bwana iko mezani, juu ya kitambaa, inanitazama kwa jicho lake moja.

Kesho ndiyo itaamua kama mimi ni mtu wa nyumba au mtu wa pamba.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikija kuyasoma haya baadaye nisije nikajicheka bila kujua sababu. Bwana wangu ni mnunuzi wa pamba. Kila Jumamosi baada ya chakula anateremka ufukweni, mimi napanga chupa tupu za bia juu ya gogo, yeye anazipiga moja moja. Watu wanamwita Bwana Chupa, si mbele yake. Bamama wa Baraka husimama mbali na kusikitika, si kwa kuogopa mlio, ila kwa sababu chupa nzima ni mali: mtu anauzia mafuta ya mawese, anawekea petroli, anabebea dawa ya hospitali. Ikipasuka moja wanasema "Aaa!" kama kwenye msiba. Bwana anadhani wanamshangilia.

Kazi yangu ni nyumba yake, nguo zake na bastola yake. Anayefanya kazi kwa mzungu halimi pamba ya lazima ya serikali. Kwa hiyo hicho chuma nimekisafisha kwa bidii kuliko meno yangu.

Mafuta yake hutoka Ulaya katika kopo dogo lenye mdomo mrefu. Kopo lilipaswa kutufikisha Noeli. Lakini mke wangu, Mama Riziki, ana cherehani, na cherehani nayo ina kiu. Nilimpa kidogo. Akaomba tena kidogo. Kidogo na kidogo, mwishowe kopo likawa linakohoa tu.

Ningeweza kumwambia Bwana. Angeuliza yamekwenda wapi.

Basi nikatumia akili yangu. Nikachukua mawese, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikapaka. Na yalifanya kazi! Kwa joto hili la Baraka, kile chuma cha juu, kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kilikuwa kinateleza kama sabuni mkononi mwa mtoto. Bwana alinisifu. Nilizipokea sifa, nikatunisha na kifua.

Halafu Jumanne tukapanda Fizi.

Fizi iko juu, na asubuhi ya kiangazi kuna baridi ya kugonganisha meno. Jumatano, jua halijapanda vizuri, Bwana akataka kuwaonyesha wenzake wa bureau, ile ofisi ya serikali, jinsi anavyolenga. Nikapanga chupa. Risasi ya kwanza ikatoka. Chuma cha juu kikarudi nyuma, kisha kikaanza kwenda mbele polepole, kama mzee anayeinuka kitini, kikasimama katikati ya safari. Risasi ya pili ikabanwa mlangoni. Bwana akavuta, akapiga kwa kiganja, akatukana kwa lugha yao. Wenzake wakacheka. Chupa zikabaki zimesimama, na nikaona kama nazo zinacheka.

Mama yeyote anayeuza mawese katika soko la Fizi anajua: asubuhi yanaganda chupani, lazima uyaanike juani kwanza. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na njaa huko nikisubiri sombe, yale majani ya muhogo, kwa kuwa mawese yalikuwa hayajayeyuka. Nilijua, basi. Nilijua kwa upande wa chungu. Kwa upande wa bastola sikujua.

"Bastola ya mimi kwisha," Bwana akasema. "Miaka mingi kupiga. Sasa kufa."

Akanituma kwa sajini wa kambi, anayetengeneza bunduki za askari. Sajini akaifungua, akapitisha kidole ndani, akanusa. Akanigeukia.

"We ndugu, hii bastola iko nakula sombe?"

Nikaitazama kofia yake.

"Ao samaki? Sema tu, tuiletee na bugali."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alipoiokota akawa mtu wa kazi tena. Akanionyesha mtutu juani, ndani unang'aa. "Hii haichokake mbio. Kenye inakufa ni hii." Akatoa resori, ile waya iliyojikunja kama mkia wa nguruwe, ambayo ndiyo inayokirudisha mbele kile chuma. "Kila risasi inaifinya. Inafinywa, inafinywa, mwisho inakuwa mvivu kama mi. Unatia ingine, bastola inaendelea. Inaweza kuzika weye na Bwana yako."

"Na hii yetu?"

"Imechoka, na ingine sina nayo. Lakini bila mawese, labda ingejikaza."

Kwa hiyo mgonjwa alikuwa na magonjwa mawili. Kwa Bwana, sajini alitaja moja tu, la resori. Sijui kwa nini. Pengine huruma. Pengine alitaka hilo lingine liwe mali ya kambi, maana kabla hatujaondoka askari walikuwa tayari wananisalimia, "Sombe, jambo!" Niliitika. Ni afadhali jina kuliko shamba.

Njiani kurudi Bwana akatoa hukumu. Jumamosi atajaribu hapa Baraka. Ikikwama tena, bastola itarudi Ulaya ikatiwe resori, na mimi mtunzaji wake nitarudi kwa baba yangu, upande wa Lusenda. Huko watanipimia shamba la pamba kabla sijanywa maji.

Leo nimeiosha bastola yote kwa petroli, nikaikausha. Ikabaki kavu kama midomo ya mgonjwa. Nikaenda kwa Mama Riziki. Alikuwa anashona kanzu ya ubatizo, hakuinua macho.

"Baba Riziki, kitu ulinipa na mukono yako, leo unakuya kukinyang'anya?"

"Ni kwa ajili ya kazi."

"Na hii ni muchezo? Weye unavunjisha chupa, mi navalisha bantu. Nani iko na kazi hapa?"

Mwishowe akatoa kichupa cha dawa, mafuta kidogo chini. Alikuwa ameyaficha. Nimeoa mwanamke mwenye akiba. Lakini akakishikilia kichupa kwanza, akatoa sharti: kesho nimletee chupa mbili nzima.

"Bwana akiona je?"

"Anaonaka nini, yeye? Anapigaka tu."

Nimepaka. Tone hapa, tone pale, si kama ninavyotia kwenye mchuzi. Kisha nikakivuta kile chuma, bila risasi, kusikia. Krak. Kikaenda mbele vizuri. Nikavuta tena kuhakikisha. Krak. Nikatembea hadi mlangoni, nikarudi, nikavuta tena. Nimefanya hivyo mchana wote, mpaka jirani akauliza kama ninabangua karanga.

Ndipo nikakumbuka maneno ya sajini. Kila kufinya kunaichosha.

Nimekuwa nikiiua ili nijue kama ni nzima.

Nimeikalia mikono yangu. Na nikiwa nimeikalia nimewaza jambo ambalo sajini hakulisema: Bwana hupiga mpaka chupa ziishe, wala hajawahi kuuliza zinatoka wapi. Anayezipanga ni mimi. Kumbe umri wa bastola hii hauko Ulaya ilikozaliwa, uko juu ya gogo langu. Kesho nitapanga chache, na karibu. Akiulizia nyingine, nitamwambia bamama wamechukua. Wala si uongo. Mama mmoja nimemwoa mwenyewe.

Lakini kama itakwama kwenye ile ya kwanza, ujanja wote huu utanifuata hadi shambani.

Upepo haujatulia. Bastola bado iko mezani.

Nitaivuta mara moja tu, nisikie. Kisha basi.